Bata mzinga amebaki, nataka kumpikia pasta: nyama isikauke, sosi isikatike

Mgeni_wa_Meko

Habari za jioni wadau. Niko na kama gramu 600 za bata mzinga wa kuchomwa, aliyepikwa juzi. Sehemu kubwa ni kidari, kisha paja moja na mifupa yote ya kifua. Iko kwenye friji, imefunikwa. Nataka pasta laini ya sosi nyeupe, ya kushibisha watu wanne, wawili ni watoto, kwa hivyo pilipili kali hapana. Niko Nairobi, napikia meko ya gesi ya kawaida, oveni sina. Penne ninayo pakiti ya gramu 500.

Shida ni tatu. Kidari kikipashwa kinageuka kamba. Sosi ya maziwa inashika madonge, na nikitia chizi inakuwa chenga, mafuta yanaelea juu. Halafu pasta, hata nikihesabu dakika za pakiti, katikati inabaki ngumu. Nakosea wapi?

Mwiko_Mrefu

Tuanze na nyama, maana ndiyo inayopanga mengine. Bata huyo ameshaiva. Hapikwi tena, anapashwa. Kidari kina mafuta kidogo sana, na kadiri kinavyotokota ndani ya sosi ndivyo nyuzi zake zinavyojikaza na kukamua maji yaliyosalia. Sosi iive peke yake hadi mwisho, kidari kiingie baadaye kwa dakika 3, basi. Paja ni jambo jingine, lina mafuta na linavumilia moto. Lichambue kwa vidole, ulitie mapema litoe ladha.

Kukata nako kuna namna. Tazama kidari kwenye mwanga: nyuzi zimelala upande mmoja kama mistari ya ubao. Kisu kizikatize, vipande vya sentimita 2. Ukikata kwa kuzifuata, mlaji atapewa kamba ndefu atafune mwenyewe. Weka vipande kwenye bakuli, mwagia supu moto mililita 100, funika dakika 10 hivi huku sosi ikimalizikia. Vinalowa, na havitapoza sufuria vikiingia.

Sosi ya gramu 400 za pasta (usimalize pakiti, gramu 100 kwa mtu zinatosha): siagi gramu 40, yaani vijiko 3 vya kula, unga mweupe wa ngano gramu 40, vijiko 5 vilivyosawazishwa, maziwa pakiti moja ya mililita 500, supu ya mifupa mililita 200, kitunguu maji kimoja kikubwa, vitunguu saumu punje 3, uyoga gramu 200, minji kikombe kimoja, chizi ya cheddar gramu 100. Pilipili manga nusu kijiko cha chai. Kungumanga ni ya kukwangua kiasi cha ncha ya kisu tu. Ikizidi chakula kinanuka dawa.

Kaanga uyoga kwanza, mafuta kidogo, moto mkali, bila chumvi. Utatoa maji; yaache yakauke yote mpaka kingo zianze kuwa kahawia. Ukijaza sufuria au ukitia chumvi mapema, unachemsha uyoga, hukaangi. Utoe, uweke kando.

Sufuria hiyo hiyo, tia siagi na kitunguu, moto mdogo, dakika 6 au 7 kilainike bila kupata rangi. Saumu sekunde 30. Kisha unga, na hapa usiharakishe: geuza dakika 2 kamili hadi harufu ya unga mbichi iishe na uanze kunukia kama biskuti. Donge linazaliwa hivi: unga wa nje unaiva ghafla na kufungia unga mkavu ndani yake, na ukishafika hapo kukoroga hakusaidii. Kwa hivyo toa sufuria motoni, mimina robo kikombe ya maziwa baridi, koroga hadi iwe rojo nzito inayong'aa. Robo nyingine, koroga. Ya tatu italegea. Sasa mimina yote yaliyobaki pamoja na supu, tia lile paja, rudisha motoni.

Mwiko uguse sakafu na pembe za sufuria, ndiko inakoungulia. Ikianza kutokota, punguza moto, iache itokote taratibu dakika 5. Wengi wanazima mapema wakiona imeanza kuwa nzito, na ule wanga haujaiva, sosi inabaki na ladha ya gundi. Chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi, imefika. Iwe nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka kwenye sahani, kwa sababu pasta itakunywa.

Baada ya hapo: uyoga, minji, kidari pamoja na supu yake, pasta iliyochujwa. Dakika 3 moto mdogo, nyama ipate moto hadi katikati. Zima gesi. Sasa tia chizi, konzi kwa konzi. Chenga zako zinatoka hapa: chizi ikikutana na sosi inayotokota, protini zinajikunja na kusukuma mafuta nje. Na ikwangue mwenyewe. Ile ya kununua ikiwa imekwanguliwa hunyunyiziwa wanga isishikane, na haiyeyuki vizuri.

Chumvi onja mwisho kabisa. Bata alitiwa chumvi, chizi ina chumvi.

Kijiko_Bapa

Nadandia kwa hiyo pasta ngumu, kwa sababu kosa si lako. Pakiti imeandikiwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko juu kwa karibu mita 1,700, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Penne ya dakika 11 anza kuionja ya 12. Mara nyingi inafika 13 au 14. Kuongeza gesi hakubadilishi kitu. Maji yanarukaruka zaidi, joto ni lile lile, mtungi ndio unaisha.

Kwa hiki chakula, itoe ikiwa imebakisha kama dakika 2: ukikata penne moja kwa kisu, uone kidoti cheupe katikati. Inamalizikia kwenye sosi. Maji lita 4, chumvi kijiko kimoja na nusu cha kula. Mafuta usitie, sosi itateleza isishike. Usisuuze pasta kwenye mfereji, unaosha ule wanga unaoshikanisha. Na kabla ya kuchuja, chota kikombe kimoja cha maji yake uweke kando. Sosi ikikaza, vijiko 3 au 4 vya maji hayo vinairudisha bila kuipunguza ladha kama maji ya mfereji.

Minji mbichi itumbukize kwenye maji hayo hayo ya pasta dakika 8 za mwisho. Ya friza, dakika 2.

Nyanya_Mbichi

Naheshimu sosi nyeupe, ila kwa kiporo cha nyama ya ndege mimi naona nyanya inashinda. Ile harufu ya jana, inayofanana na kadibodi iliyolowa, inatokana na mafuta ya nyama kuingiliana na hewa baada ya kupikwa. Maziwa yanaiacha ilivyo. Uchachu wa nyanya unaifunika.

Vitunguu 2, nyanya 6 zilizoiva hadi kulainika, nyanya ya kopo vijiko 2 vya kula, hoho moja, mafuta vijiko 3. Kaanga hadi nyanya ivunjike na mafuta yajitenge pembeni, dakika 15 hadi 20. Mkizima kabla mafuta hayajajitenga, mtakula nyanya chachu na kulaumu bata. Mwisho krimu mililita 100, moto mdogo, na dhania.

Mwiko_Mrefu

@Nyanya_Mbichi, harufu nakubali. Lakini watu wasije wakachanganya: krimu inavumilia nyanya kwa sababu ina mafuta mengi. Maziwa ya pakiti ukiyamwaga kwenye hiyo nyanya yanakatika papo hapo. Na kwa sosi nyeupe, dawa ya harufu ni ndimu, kijiko kimoja cha chai cha maji yake, baada ya kuzima moto. Unga ulioiva unayalinda maziwa kwa kiasi hicho. Vijiko vitatu, utajuta.

Mama_wa_Friza

Kabla hajawasha gesi: juzi mpaka leo ni sawa. Nyama iliyopikwa inakaa kwenye friji siku 3, zikizidi sana 4, mradi iliingia ndani ya saa 2 baada ya kupikwa. Kama ilishinda mezani mchana kutwa ndipo ikaingizwa, kuichemsha hakuiokoi. Kuna vijidudu ambavyo sumu yake haiishi kwa moto.

Stima nayo. Friji isiyofunguliwa inashika ubaridi kama saa 4. Ikipotea usiku mzima na hujui ilirudi saa ngapi, nyama hiyo usiionje kupima. Kunusa pia hakutoshi, iliyoharibika inaweza kukosa harufu.

Bata toa kwenye mifupa leo. Akikaa mzima kwenye sufuria anachukua nafasi, anapoa polepole na anaendelea kukauka. Za kesho kutwa zitie friza katika mifuko ya gramu 300, ukiwa umemimina supu kidogo iliyopoa juu ya nyama ili hewa isiiguse. Ladha inashikilia miezi 2 au 3.

Mgeni_wa_Meko

Asanteni sana. Iliingia friji saa moja baada ya kula, stima haikupotea. Maswali ya haraka: nina majarini ya kupaka mkate badala ya siagi, unga nilio nao ni atta, na maziwa ni nusu pakiti, ila kuna mala ya kutosha. Hiyo supu ya mifupa natengeneza vipi?

Mwiko_Mrefu

Majarini ya kupaka mkate, nyingi ina maji mengi kuliko siagi. Ukiitia unga inakuwa kinyunya. Afadhali mafuta ya kupikia vijiko 3. Atta itakupa sosi ya kahawia yenye chembe za pumba. Inalika, lakini laini haitakuwa. Tafuta ule mweupe wa chapati hata robo kilo. Usichukue unaoumuka wenyewe, una magadi ndani. Na kwa vile kuna mtu atafikiria: unga wa ugali hapana.

Mala hapana kabisa kwenye moto, itakatika uwe na maji ya kijani na vidonge. Nunua pakiti nyingine. Ukiteka kwa ATM ya maziwa, yachemshe na uyapoze kwanza.

Kijiko_Bapa

Supu: vunja mifupa ya kifua, itie na ngozi, kitunguu kimoja na maganda yake (yanatoa rangi), karoti, shina la seleri kama lipo, pilipili manga punje 6. Maji lita 2 baridi, yafunike tu mifupa. Bila chumvi. Moto mdogo, vipovu vichache vinavyopanda, saa 2 na nusu. Ukiitokotesha kwa nguvu mafuta yanachanganyika na maji, supu inakuwa na ukungu na kunata mdomoni. Kwa sufuria ya presha ni dakika 50 hivi, nayo inakuokolea gesi.

Chuja. Usiiache kwenye meko ipoe hadi asubuhi. Weka sufuria ndani ya karai la maji baridi, badilisha maji mara mbili, ndipo friji. Utapata zaidi ya lita moja. Mililita 300 ni za chakula hiki, nyingine igandishe.

Nyanya_Mbichi

Hana oveni, na pasta ya namna hii inapendeza ikiwa na ukoko juu. Saga slaisi 2 za mkate wa jana kwa vidole, kaanga na siagi kijiko kimoja kwenye kikaango hadi ziwe kahawia na kulia zikiguswa. Nyunyizia kila sahani wakati wa kula, zikitangulia zinalowa.

Mwenye jiko la makaa anaweza kufanya kama wanaooka keki: sufuria yenye mfuniko bapa, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, dakika 10. Chini yakizidi, pasta inashika.

Mgeni_wa_Meko

Sukumawiki naweza kuitia badala ya minji? Na itakayobaki, watoto wabebe shule kesho?

Mama_wa_Friza

Sukuma ikate nyembamba sana, ikaange pembeni dakika 4, halafu uichanganye. Ikiingia mbichi inatoa maji, sosi inalegea na kupata uchungu. Spinachi ni rahisi zaidi: majani yaliyokatwa, dakika moja, imenywea.

Ya shule hapana. Nyama itakuwa imepashwa mara moja, na mkebe wa chakula unashinda kwenye mkoba hadi saa saba mchana. Pika pasta ya leo tu. Ikibaki sahani moja, ipoze upesi, friji, uipashe kesho jioni mara ya mwisho: maziwa vijiko 4 vya kula, moto mdogo, mfuniko, igeuze hadi itoe mvuke pote. Itaonekana imekauka kama matofali ukiitoa; maziwa yataifungua.

Mgeni_wa_Meko

Sawa. Mifupa iko motoni, naenda dukani kutafuta unga mweupe.