Wakuu naombeni msaada: "He drank" na "He was drunk" tofauti yake nini hasa?

Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)
Habari za saa hizi wakuu. Nina siku ya tatu sasa usingizi hauji. Kuna sentensi za Kiingereza zinanichanganya, zile zinazoanza na kiwakilishi halafu kitenzi cha wakati uliopita halafu kivumishi mwishoni. Kwenye jedwali la vitenzi nimeona drink, drank, drunk, zote kunywa. Sasa mtu akiandika "He was drunk" si ni sawa na kusema alikuwa amekunywa? Was ni alikuwa, drunk ni amekunywa, au nakosea wapi? Wenye uelewa nijibuni taratibu tafadhali.

Chaki_Mkononi
Swali zuri ndugu yangu. Chukua neno "alichoka". Humo ndani tumebeba vitu vitatu kwa mpigo: a- ni nani, -li- ni lini, -choka ni hali yake. Kiingereza hakibebi hivyo, kinavitenganisha: She was tired. Ndiyo maana wengi wetu tunaandika "She tired" tukidhani tumemaliza, kumbe was imebaki njiani. I, he, she na it zinakwenda na was, halafu you, we na they zinakwenda na were. Hicho ndicho kitenzi pekee kinachobadilika kwa mtu kikiwa wakati uliopita, vingine vyote ni sawa tu, I went, she went, they went. Na kivumishi hakijui wingi kabisa, sisi tunasema mrefu na warefu, wao tall ni tall hata wawe mia.

Sasa kwenye swali lako. Drank ni tendo, inawezekana kabisa ni maji: She drank water. Lakini drunk ukiiweka baada ya was na anayesemwa ni mtu, inakuwa kivumishi, maana yake kalewa. Alikuwa amekunywa ni "had drunk". Had, siyo was.

Zamu_ya_Usiku
Asante mwalimu. Kwa hiyo msomaji hawezi kuelewa kwamba alikuwa amekunywa kitu kingine tu cha kawaida?

Chaki_Mkononi
Akiwa mtu hawezi. Maji ndiyo yanaweza kuwa drunk, yaani yamenywewa. Mtu akiwa drunk kalewa.

Mpenda_Shwari
Hapo kwenye vivumishi mmenigusa pabaya. Mimi niliwahi kuulizwa kwenye usaili kwa nini niliacha kazi ya kwanza nikajibu "Because I was boring", nilitaka kusema nilikuwa nimechoshwa na ile kazi, ambayo ni bored, kumbe nimewaambia mimi ndiye ninayechosha watu. Walitazamana tu na hakuna aliyenirekebisha, nimekuja kujua baadaye sana na mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo vijana shikeni hili, mwisho wa -ed ni unavyojisikia wewe, -ing ni kile kinachokufanya ujisikie hivyo. I was bored, the work was boring.

Bibi_Hekima
Wanangu mnahangaika na lugha ya watu, ya kwenu mnaijua vizuri? Siku hizi kijana hawezi kuandika barua ya Kiswahili ikanyooka lakini anakesha na was na were.

Fundi_Saa
Bibi shikamoo, lakini tusimkimbie mleta uzi. Kaka, mtu hakosi usingizi siku tatu kwa ajili ya drink drank drunk. Hiyo sentensi uliiandika wapi na nani kaisoma?

Zamu_ya_Usiku
Naomba tubaki kwenye sarufi mkuu.

Fundi_Saa
Sarufi umeshajibiwa. Iko wapi hiyo sentensi?

Zamu_ya_Usiku
Sawa. Ni ripoti ya kazini. Tuko watatu zamu ya usiku ghalani, mwenzangu mmoja alisinzia mzigo ukaingia bila kuhesabiwa, mimi ndiye ninayeandika ripoti kwa sababu kwenye maombi ya kazi nilijaza Kiingereza changu ni kizuri. Alikuwa amekunywa dawa ya mafua, ile ya kuleta usingizi. Mimi nikaandika "He was drunk and he slept", dawa sikuitaja maana sikujua pa kuiweka na niliona nitaharibu sentensi. Bosi anayesoma ripoti yuko nchi nyingine na Kiswahili hajui. Sasa kuna mtu kasimamishwa kazi. Lakini naona akijieleza mwenyewe watamwelewa, si ana mdomo, mimi nikisema nimekosea wataniuliza hicho Kiingereza nilichojaza kiko wapi. Nilikuwa nafikiria nikae kimya hii wiki ipite.

Mchana_Kweupe
Aisee! Umemlewesha jamaa wa watu kwa kalamu.

Bibi_Hekima
Mwanangu huko si kukosea sarufi tena, huko ni kumtia mwenzio kidole jichoni halafu unamwambia apanguse mwenyewe. Mpigie huyo kijana usiku huu huu.

Chaki_Mkononi
Kuna kitu kinanisumbua. Huyo aliyekunywa dawa ni mwanamume?

Zamu_ya_Usiku
Mwanamke.

Chaki_Mkononi
Na ukaandika he?

Zamu_ya_Usiku
Kichwani mwangu ilikuwa "yeye" tu mwalimu. Yeye ni yeye. Wa tatu wetu ndiye mwanamume, na ndiye aliyesimamishwa. Hakusinzia hata dakika moja, yeye ndiye aliyepokea ule mzigo peke yake. Dada wa watu naye amenyamaza, anaogopa.

Mchana_Kweupe
Hapana jamani, hapa tumepigwa. Hadithi hii imekaa sawa mno. Kiwakilishi kimekosewa, kitenzi kimekosewa, kivumishi kimekosewa, vyote ndani ya sentensi moja ya maneno sita, kama swali la mtihani. Huyu ni mwalimu anatafuta mfano wa darasani. Na huyo bosi gani asimamishe mtu bila kuuliza?

Mpenda_Shwari
Hata mimi naanza kuona. Mbona jinsia ilifichwa mpaka dakika za mwisho kama tamthilia.

Zamu_ya_Usiku
Sikuficha. Nimewaandikia "mwenzangu" na nyinyi mkaanza kusema jamaa, kijana, hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Ni hivyo hivyo ilivyokuwa kwangu nilipoandika he. Na bosi aliuliza, alituma ujumbe "Was he drunk?" na mimi nikajibu "Yes". Hilo sikutaka kulisema.

Chaki_Mkononi
Mimi namwamini. Nimesahihisha madaftari miaka mingi, he na she kwa msemaji wa Kiswahili haziishi kukosewa, hata anayeongea vizuri zinamponyoka akiwa na haraka, kwa sababu lugha yetu haijawahi kumdai achague. Na was drunk kwa alikuwa amekunywa ni kosa la mtu aliyetafsiri neno kwa neno, mtunzi angetafuta kosa la kuchekesha zaidi. Anayetaka kuamini aamini, mimi naandika naye. Leta rasimu ndugu.

Zamu_ya_Usiku
Nimeandika hivi: "She did not drank alcohol. She drank medicine and she felt sleepily. He did not slept. My report it was wrong."

Chaki_Mkononi
Umekaribia kabisa. Did ikishaingia inaubeba wakati uliopita yenyewe, kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu: did not drink, did not sleep. Baada ya felt, looked, seemed na became anayesemwa ni mtu na hali yake, kwa hiyo ni kivumishi: felt sleepy. Dawa kwetu tunakunywa, wao wanaichukua, take, na iliyopita ni took. Na kwenye "My report it was wrong" it iondoe, sisi tunasema "ripoti yangu i-likuwa" ndiyo maana mkono umeiandika, kwao ripoti ikishatajwa kiwakilishi hakirudi. Na anza kwa majina ya wote wawili, he na she zije baadaye, bosi asibaki anakisia tena.

Zamu_ya_Usiku
"She did not drink alcohol. She took medicine and she felt sleepy. He did not sleep. He was awake all night. My report was wrong." Majina nimeyaweka juu, huku siwezi kuyataja.

Fundi_Saa
Hiyo ya mwisho bado. Ripoti haikujiandika, na ile "Yes" haikujijibu.

Mchana_Kweupe
Bado sijaamini sana, lakini kama ni kweli, Fundi yuko sahihi.

Zamu_ya_Usiku
Nimebadilisha. "I was wrong." Nimetuma sasa hivi, na yule kaka nimempigia, hajapokea, napiga tena.