Mtu akiitwa mchawi kwenu, mtu wa dini alisimama upande gani? Tupeane uzoefu

Mwenye uzi, Nakuru (kwetu ni Kisii)
Wapendwa, Jumapili mhubiri alisoma Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi," akafunga Biblia, tukaingia sadaka. Maelezo hakuna. Kanisa zima amina, na mimi nikiwemo. Usiku sikulala, maana aya hiyo mara ya kwanza niliisikia kwa kijana aliyeshika kiberiti.

Ilikuwa 2008, mwaka ule watu 11 walichomwa Kisii mwezi wa Mei. Ilisemekana kuna daftari lilipatikana shuleni, eti lina kumbukumbu za kikao cha wachawi. Kijijini kwetu hata daftari halikuwepo. Kulikuwa na mtoto mgonjwa, na nyanya mmoja mjane mwenye shamba zuri la ndizi karibu na mto. Vijana wakaja saa mbili usiku. Baba alimvuta mkono, "Mama, ingia huku," akamlaza jikoni nyuma ya kuni, akatoka kusimama mlangoni na panga ambalo najua lilikuwa butu. Nyumba ya nyanya iliteketea na kuku wake ndani. Tuliwasikia.

Asubuhi mzee wa kanisa akaja. Nilidhani analeta pole. Akamuuliza Baba, "Mbona ulimficha omorogi?" Yaani mchawi.

Nyanya alikwenda kwa binti yake na hakurudi. Zile ndizi anakata shemeji yake mpaka leo. Haya, semeni yenu.

Fundi wa Kondele
Huku Kisumu jajuok, yaani mchawi wa kukimbia usiku, ni kichekesho zaidi. Anakurushia mawe juu ya mabati, asubuhi mnasalimiana. Balaa ni nabii akiota. Shangazi yangu aliotwa kwamba ana sihoho, anaharibu watoto kwa jicho. Hakuguswa hata kofi. Ila kuanzia siku hiyo kila akipita mama wanafunika sahani, na kanisani benchi lake likawa la mtu mmoja. Miaka sita hivyo, kisha akafa.

Bi wa Mumias
Sisi hatukatai uchawi, umetajwa katika Kurani, sura ya Baqara aya ya 102, na sura ya Falaq tunaisoma kila siku kujikinga. Na tusifichane: wanazuoni wengi wa zamani walisema mchawi auawe. Lakini ni hukumu ya kadhi, baada ya ushahidi. Jirani alipotuhumiwa, imamu wetu aliwauliza vijana swali moja tu: "Nani kati yenu ni kadhi?" Wakatawanyika wakinung'unika. Mgonjwa akasomewa ruqya, yaani kisomo cha Kurani cha kuponya, kisha akapelekwa hospitali.

Mkaidi wa Kakamega
Mnaongea vizuri kwa sababu hamjarogwa. Mimi nimezika watoto wawili. Sijamchoma mtu, lakini msinifundishe kwamba hakuna kitu.

Mwenye uzi
Pole sana ndugu. Hapa hakuna anayekufundisha hilo.

Karani mstaafu, Nyamira
Wengi hamjui kwamba Sheria ya Uchawi ya 1925, Sura ya 67, inakata pande zote mbili. Kujifanya mchawi ni kosa, na kumwita mwenzako mchawi pia ni kosa, isipokuwa umepeleka neno lako kwa polisi, chifu au mkubwa mwingine wa serikali. Nimekaa ofisi ya chifu miaka mingi. Waliokuja kushtaki walikuwa wachache, na karibu wote mwishowe walizungumzia mpaka wa shamba.

Mgeni
Nilikuwa kwenye umati mara moja. Sikurusha kitu. Niliimba tu, ulikuwa wimbo wa kanisani.

Mwenye uzi
Mgeni, nimekusoma mara tatu.

Kwa aliyeniuliza inbox kama mambo haya yalikwisha 2008: Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, waliuawa akina mama wanne, wote wazee. Jumapili iliyofuata mimi nilikuwa kanisani. Tuliombea mitihani.

Basi leo nimemtumia mhubiri wetu Matendo 19:19. Watu wa Efeso waliofanya uganga walileta vitabu vyao wenyewe wakavichoma, vya thamani ya fedha 50,000. Vitabu. Ameusoma, alama mbili za bluu ziko hapo tangu saa nne asubuhi. Akijibu nitaweka hapa.