Mkristo katika nchi ya Waislamu wengi: ana haki, au anavumiliwa tu?

Mwalimu wa Hongwe
Juzi kwenye boti ya Mokowe niliwasikia vijana wawili wakibishana. Mmoja akashikilia kuwa Mkristo hana tabu yoyote katika nchi za Kiislamu, kwamba hizo ni habari za kutungwa na wazungu. Boti ilijaa, nikanyamaza, lakini limenikaa moyoni.
Asia Bibi, Mkristo wa Pakistan, alihukumiwa kunyongwa mwaka 2010 kwa madai ya kumtukana Mtume. Chanzo ni ugomvi wa kikombe cha maji shambani. Wenzake walikataa kunywa alipogusa yeye. Mahakama ya juu haikumwachia mpaka 2018. Gavana wa Punjab, Salmaan Taseer, Mwislamu, alipomtetea aliuawa na mlinzi wake mwenyewe. Sudan nako, 2014, Meriam Ibrahim alihukumiwa kifo akiwa na mimba kwa kuwa baba yake ni Mwislamu na yeye akasema ni Mkristo. Alijifungua gerezani, miguu ikiwa na minyororo.
Nauliza: katika nchi kama hizo Mkristo ni raia, au ni mtu anayevumiliwa? Neno kuvumiliwa sisi Wakristo wa huku tunalijua. Hapa Lamu hata ukizaliwa hapa, unazeeka ukiitwa mgeni.

Kijana wa Langoni
Mwalimu, shikamoo. Ya Pakistan siyajui, ila hilo la mwisho umetukosea. Mgeni si tusi. Mtu wa kisiwa cha Pate akiya Amu, yaani Lamu mjini, ni mgeni, na ni Mwislamu, tena huenda ni binamu yangu. Nti hii watu wanajuana kwa mitaa. Usilitie dini neno lisilo na dini.

Binti Mpeketoni
Kaka wa Langoni, mtu wa Pate akiitwa mgeni anakaribishwa kahawa. Mimi nikiitwa mgeni naulizwa narudi lini. Baba aliletwa na serikali miaka ya 70, mradi wa makazi wa Lake Kenyatta hapa Mpeketoni, akafyeka pori kwa panga. Amezikwa hapo hapo. Nirudi wapi? Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu walikuwa wanatazama Kombe la Dunia. Waliokuja na bunduki walikuwa wakiuliza dini kabla ya kuua. Zaidi ya watu 60, pamoja na wa usiku uliofuata. Jirani yetu mmoja hakuwa amemaliza hata kikombe chake cha chai. Kwa hiyo usiniambie neno halina dini.

Ustadhi wa Mkomani
Dada yangu, Mungu awarehemu wafu wenu. Lakini soma tena ulivyoandika. Kijana kaeleza neno mgeni, wewe ukamjibu kwa bunduki za Al-Shabaab. Sisi ni wao? Baada ya Mpeketoni ni vijana wetu waliobebwa usiku na askari. Ikawekwa kafyu, wavuvi wakakatazwa bahari usiku, na mvuvi asiyetoka usiku anakula nini? Disemba 2015, kwenye basi la Mandera lililovamiwa na Al-Shabaab, Waislamu walikataa kutengwa na abiria Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale na akafa mwezi uliofuata. Huyo mbona hatajwi? Na Qur'ani, sura ya Hajj aya ya 40, imetaja makanisa na masinagogi kabla ya misikiti, kwamba Mungu hukinga watu kwa watu yasibomolewe.

Mtoto wa Kiunga
Mnabishana kuhusu mgeni ilhali mwenyeji hana hata karatasi. Wakati wa vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, miaka ya 60, babu zetu Wabajuni walikimbia vijiji vyao vya bara. Wengi hawajarudi hadi leo. Wa Mpeketoni wakaletwa na serikali, wakapimiwa ardhi. Sisi tukienda kuomba kitambulisho tunaulizwa cheti cha babu. Nani anayevumiliwa hapo?

Binti Mpeketoni
Mimi sikukupokonya kijiji, kaka. Ilikupokonya vita, kisha serikali. Njoo tudai pamoja, lakini usinidai mimi.

Wa Malindi
Naandika kwa jina hili tu. Nilizaliwa katika Uislamu, nimesoma chuo cha Qur'ani mpaka nikahitimu juzuu, na miaka minne iliyopita nilibatizwa. Serikali haijanigusa. Hakuna aliyenipiga. Ila mama hapokei simu yangu, na dada yangu alipoolewa niliiona picha ya harusi kwa mtu baki. Mwalimu ameuliza kuhusu Mkristo aliyezaliwa Mkristo. Aliyehama je?

Baharia Mstaafu
Mmesahau mlikotoka. Ukristo pwani hii ulikuja na mizinga. Vasco da Gama alijenga lile kanisa dogo la Malindi, na ndiyo sababu wazee wetu waliuogopa msalaba.

Mwalimu wa Hongwe
Mzee wangu, kwa heshima: da Gama alifika Malindi 1498 na kinachokumbukwa kwa jina lake ni ile nguzo ya mawe. Kanisa ni la Wareno waliofuata. Na Malindi hawakuingia kwa mizinga, mfalme wa Malindi aliwapokea kwa sababu alikuwa na ugomvi na Mombasa. Fransisko Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita hapo 1542, na katika barua yake anasema Mwislamu mmoja mwenye cheo alimlalamikia kwamba kati ya misikiti 17 ya mji ni mitatu tu iliyokuwa ikisaliwa. Walikuwa wakizungumza, hawakupigana.

Baharia Mstaafu
Mombasa walizungumza? 1631 unaijua?

Mwalimu wa Hongwe
Naijua. Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa, India, na kubatizwa Dom Jerónimo, aliwaua Wareno, na Wakristo Waafrika wa mji nao wakauawa. Hao Waafrika hawakuwa na mzinga hata mmoja, mzee. Hao ndio ninaowaulizia tangu mwanzo.

Mama Zuhura
Nanyi Wakristo mkiwa wengi mnafanyaje? Mwanangu alivuliwa mtandio langoni mwa shule, mbele ya wenzake, akarudi nyumbani akilia. Kesi ya hijabu ilifika Mahakama ya Juu, na Januari 2019 hukumu iliyokuwa imetupa nafuu ikafutwa. Mwalimu, wewe ni mwalimu. Ulisema nini siku hiyo?

Mwalimu wa Hongwe
Sikusema kitu, mama. Nilipaswa kusema. Mtoto asivuliwe mtandio, na Mkopti, Mkristo wa Misri, asingoje kibali miaka na miaka ili azibe paa la kanisa linalovuja. Siwezi kulilia moja nikaficha jingine.

Kijana wa Langoni
Lakini mgeni bado si tusi.

Wa Malindi
Nimesoma zote tangu asubuhi. Mmefika mpaka Goa. Mimi hakuna aliyenijibu.

Ustadhi wa Mkomani
Nilikusoma. Niliandika mara mbili nikafuta. Nitasema ninaloweza kulisimamia: kwangu uliloacha ni kubwa, sitakudanganya, na kila nikikukumbuka nitakuombea urudi. Lakini mama kumkatia mwana simu, hilo sikufundishwa na shekhe yeyote. Undugu wa damu haukatwi.

Mwalimu wa Hongwe
Ahsante ustadhi. Ila nakubana. Angekuwa Sudan ile ya 2014?

Ustadhi wa Mkomani
Angehukumiwa kama yule mama. Na ingekuwa dhuluma. Sheria ile ya kumuua aliyeuacha Uislamu waliifuta 2020, nami nilishukuru. Wapo wenzangu watakaonigombeza kwa kuandika hivi, wanigombeze. Imani ya kushikiwa upanga si imani.

Mama Zuhura
Wewe wa Malindi, mama yako anakaa mtaa gani? Usiandike hapa. Nitumie kando. Mimi ni mama pia, nitakwenda kumsalimu.

Mtoto wa Kiunga
Na vijiji vyetu?