Naombeni ushauri: kanda ya Eyes of Fire ina ukungu, niisafisheje?

Mpenda Kanda: Wakuu, kwema? Nimepata kanda ya VHS ya Eyes of Fire, ile filamu ya kutisha ya Avery Crounse ya 1983. Ukichungulia kidirishani unaona ukungu mweupe umetanda ukingoni mwa mkanda, kama unga. Nataka kuihamishia kwenye kompyuta. Nianzie wapi? Nina haraka kidogo.

Fundi Deki: Usithubutu kuichomeka! Ukungu ukishaingia kwenye deki, kanda zinazofuata nazo zinaambukizwa. Iache pakavu kwanza. Halafu kama ni ya Marekani basi ni NTSC, mfumo wa video wa kule; deki ya PAL tupu, mfumo mwingine, haitakufaa. Haraka ya nini?

Binti Giza: Filamu hiyo jamani! Mwaka 1750, mhubiri mzinzi anaponea kitanzi, anatoroka na wafuasi wake hadi bonde ambalo Washawnee, Wahindi Wekundu wa kule, wenyewe hawalikanyagi. Zile nyuso kwenye miti! Tangu niione, usiku siendi msalani mpaka niamshe mtu.

Kobe: Kampuni ya filamu ya Severin waliitoa upya 2021, picha safi kabisa. Nunua diski, hilo kopo tupa.

Mpenda Kanda: Siwezi kutupa. Kuna mtu anaisubiri.

Fundi Deki: Mtu gani? Kanda ni ya nani?

Mpenda Kanda: Ya baba mkwe, aliniazima. Nimemwambia imeliwa na deki. Mkusanyaji mmoja ameshanitumia nusu ya hela. Lakini mzee hata deki hana siku hizi! Na nakala nitampa, ndiyo maana nahangaika.

Mama Subira: Mwanangu, mkwe haibiwi. Marehemu mume wangu aliuza redio ya baba yangu, wakasalimiana kwa kupitia mimi miaka tisa. Rudisha hela ya watu.

Chura: Sura yako tutaiona kwenye mti 😂

Kobe: Ngojeni. Huyu mwezi uliopita alileta kamera ya shemeji. Nayo ukungu, kwenye lenzi. Nayo mnunuzi kashatuma nusu. Hii chai, tena ya kupashwa moto.

Mpenda Kanda: Kamera nayo ni kweli! Mimi nimeuliza kusafisha tu.

Binti Giza: Weka picha ya kidirisha basi.

Mpenda Kanda: Simu inaishiwa chaji.

Fundi Deki: Ukishakauka kabisa, futa taratibu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti ni ya kichwa cha deki. Kama kanda ipo.