Kikundi cha Familia: Mgongo wa Bibi

Mjomba Hamisi: Asalaam aleikum wote. Bibi mgongo haujamwachia tangu Ijumaa alipoinua ndoo. Leo hata kuinama kuokota kandambili ameshindwa.

Mama Mkubwa: Waaleikum salaam. Miaka 74 hiyo, ni uzee. Nimemwita yule mama wa kukanda, anakuja saa kumi.

Rehema: Shikamoo Mama Mkubwa, shikamoo Mjomba. Nawaomba sana, asikandwe. Kama pingili ya uti wa mgongo imebonyea, kukandwa kutamuumiza zaidi. Miguu ina ganzi? Haja anaishika?

Mjomba Hamisi: Marahaba. Miguu mizima, haja hana shida. Ni maumivu tu.

Rehema: Alhamdulillah. Ikibadilika, hata usiku wa manane mpelekeni hospitali.

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Pingili ibonyee kwa ndoo ya lita kumi?

Rehema: Mfupa ukishapungua, hata kukohoa kunatosha. Lile gauni lake la Idi ya mwaka juzi, siku hizi si linaburuta?

Shangazi Mwana: Wallahi linaburuta! Na vikombe vya juu kabatini hafikii tena, namshushia mimi.

Rehema: Basi amepungua kimo, na hiyo ni dalili ya pingili kubonyea. Halafu prednisolone za pumu amezimeza miaka mingapi? Zinamsaidia kupumua, lakini zinakula mifupa. Mjomba, ile CT skani ya tumbo ya mwaka jana, ya mawe ya figo, CD yake iko wapi?

Mjomba Hamisi: Karatasi ya majibu ninayo. Haitaji mfupa popote.

Rehema: Daktari aliuliza mawe, akajibiwa mawe. Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha picha kama hicho, naona kila siku. Ukipiga tumbo, pingili za kiuno zinaingia zote, ziko hapo kati ya figo mbili. Mgonjwa ameshalipa, mionzi ameshaipata, mfupa wake uko kwenye skrini, na hakuna anayeusoma. Inaniuma sana.

Salim: Unasomwaje, dada?

Rehema: Kompyuta ya CT inaipa kila sehemu ya picha namba, inaitwa Hounsfield. Unaweka duara katikati ya pingili ya kwanza ya kiuno, kwenye mfupa laini wa ndani, ni kazi ya dakika moja. Dkt. Perry Pickhardt na wenzake wa Wisconsin, Marekani, waliandika mwaka 2013: ikizidi 160, mara nyingi mfupa uko salama, ikishuka hadi 110 au chini, shaka ya mfupa kupungua ni kubwa. Na picha ya mawe hupigwa bila dawa ya mshipani, ile inayopandisha namba, kwa hiyo ya Bibi inafaa kabisa. Filamu haitoshi, namba iko kwenye CD.

Shangazi Mwana: Mimi nilitaka nimnunulie vidonge vya kalsiamu tu.

Rehema: Kalsiamu na vitamini D vinasaidia, Shangazi, ila haviwezi peke yake. Zipo dawa za mifupa zenyewe, kama alendronate, kidonge kimoja kwa wiki. Unameza asubuhi kabla ya kula kwa glasi nzima ya maji, halafu hulali nusu saa. Daktari atapima figo kwanza.

Mama Mkubwa: Na kile kipimo chenyewe cha mifupa?

Rehema: DEXA. Ndicho cha kuthibitisha, lakini mashine zake kwetu ni chache. Tusikae tukiisubiri. Kesho apigwe eksirei ya mgongo kwa ubavu, ilinganishwe na CT. Pingili ikionekana imebonyea bila ajali, hilo peke yake linatosha daktari kufikiria dawa.

Mama Mkubwa: Nimempigia yule mama, nimemwambia asije.

Rehema: Ahsante Mama. Mungu akubariki.

Mjomba Hamisi: CD nimeipata. Ilikuwa chini ya godoro, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kadi ya kliniki. Ina mikwaruzo kidogo.

Rehema: Huenda ikasoma. Isiposoma, waulizeni kama picha bado ziko kwenye kompyuta yao. Na Mjomba, msimpandishe bodaboda. Tafuteni bajaji, dereva aende polepole kwenye matuta.

Salim: Bajaji nalipa mimi. Saa moja asubuhi niko mlangoni.