Gari ya Marehemu Baba

*Kikundi: Wana wa Bi Riziki, Wete*
*Jumamosi*

Bakar 07:12
Assalaam alaykum nyote. Leo naivua turubali gari ya baba. Toka masika imekaa chini ya mshelisheli, kuku ameshatagia kiti cha nyuma. Nataka karafuu zikianza iwe inatembea.

Time 07:15
Waalaykum salaam. Mayai mangapi?

Bakar 07:15
Saba. Mama kashayachukua.

Sele (Maskati) 07:31
Iuzeni chuma chakavu. Corolla ya 1998 hiyo, imetumika mpaka imejuta.

Mama 07:40
Sele gari ile ndo iliyokupeleka Mkoani kupanda meli siku unaondoka. Nyamaza.

Sele (Maskati) 07:41
Nimenyamaza mama.

Bakar 08:20
Ami Hamad shikamoo. Nikitia ufunguo yasema tik tik tik, basi. Nimepima betri kwa ile mita ya sola, yasoma volti 11.8

Ami Hamad 08:34
Marahaba mwanangu. 11.8 hiyo njaa. Betri iliyoshiba ni 12.6 gari ikiwa imezimwa. Lakini kabla hujaililia betri tazama vichwa vyake. Vina unga?

Bakar 08:36
📷 Picha

Ami Hamad 08:37
Huo si unga, hilo shamba. Chukua kijiko cha baking soda, koroga kwenye kikombe cha maji ya moto, mimina juu ya vichwa, sugua na mswaki wa zamani. Itatoka povu, usiogope. Fungua hasi mwanzo, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utaona radi mchana kweupe. Ukimaliza paka grisi kidogo.

Bakar 10:02
IMEWAKA!! Nimebusti kwa gari ya jirani. Ikiunguruma mita yasoma 14.1

Ami Hamad 10:05
Mashaallah. Basi oltaneta, ile inayochaji betri, mzima. Jioni ipeleke betri kwa mchaji ikalale huko. Kuunguruma hapo uani hakuishibishi.

Time 10:06
Ndo kelele zile! Mie nikajua jirani kaleta mashine ya kukuna nazi 😂

Bakar 10:48
Ami, kuna jini kwenye taa za nyuma. Nikikanyaga breki, taa ya kulia yawaka kama mshumaa, na indiketa ya upande ule ule nayo yawaka pamoja nayo. Sijagusa indiketa mie.

Sele (Maskati) 10:50
Hilo lataka ngoma na ubani.

Ami Hamad 10:57
Si jini, ni ethi, yaani njia ya kurudia umeme. Moto ukishapita kwenye globu unarudi kwenye betri kupitia bodi la gari. Pale unaporudia pakiwa na kutu, hausimami, unatafuta njia nyengine. Unajipenyeza kwenye globu ya jirani mpaka uikute bodi. Ndo maana zawaka mbili, na zote dhaifu. Kwetu huku chumvi huanza kula pale pale. Fungua karpeti ya buti upande wa kulia, fuata waya mweupe wenye mstari mweusi, Toyota ndo rangi yao ya ethi. Mwisho wake utakuta skrubu kwenye bodi.

Bakar 11:39
📷 Picha
Skrubu imekuwa biskuti! Nimepiga msasa mpaka chuma kikang'ara, nimetia skrubu nyengine. Sasa nyekundu mpaka ukutani.

Time 11:41
Kwa hiyo globu mpya hukuhitaji?

Bakar 11:42
Nilikuwa nishanunua mbili jana 🙈

Time 11:44
Na zile taa za mbele za manjano, nimeona mtandaoni watu wanasugua kwa dawa ya meno.

Ami Hamad 11:50
Dawa ya meno inatosha harusi ya siku moja. Msasa wa maji, 1000 kisha 2000, halafu polishi. Rangi ya pembeni izibe kwa tepu.

Sele (Maskati) 12:15
Tairi angalau hazina neno. Nilizileta mie, kashata, ile michoro ya juu, bado ipo.

Ami Hamad 12:18
Bakar nisomee tarakimu nne za mwisho, penye maandishi DOT.

Bakar 12:20
3414

Ami Hamad 12:21
Wiki ya 34, mwaka 2014. Kashata haizeeki kwa kukaa, mpira ndo unaozeeka. Mbavuni vipi?

Bakar 12:23
Kama kisigino cha babu.

Sele (Maskati) 12:40
Haya. Ntatuma za tairi mwisho wa mwezi. Na zisiwe za mtumba.

Mama 12:41
Mungu akubariki mwanangu.

Bakar 15:30
Zimebaki breki tu. Pedali inazama pole pole. Nataka kutoa hewa kwenye mafuta ya breki, Time atanikanyagia pedali.

Ami Hamad 15:33
Mafuta kwenye kopo la breki yako wapi, juu ya alama au chini?

Bakar 15:34
Chini.

Ami Hamad 15:34
Basi yanatoka pahala. Tazama upande wa ndani wa gurudumu za nyuma.

Bakar 15:41
Ya kushoto imeroa. Niko chini hapa naiona.

Ami Hamad 15:41
Chini wapi? Umeiinua kwa kitu gani?

Bakar 15:42
Jeki, na tofali kwa usalama

Ami Hamad 15:42
TOKA. Kisha ndo unijibu. Tofali halipasuki kwa kuaga.

Time 15:44
Katoka Ami. Nimemvuta mguu.

Ami Hamad 15:49
Alhamdulillah. Sasa spana chini. Hizo ni raba za silinda ya breki, na brekishuu zikishalowa mafuta hazishiki tena, zabadilishwa pande zote mbili. Hiyo kazi ya fundi. Na fundi aje nyumbani, usiipeleke wewe hata kama gereji ipo uchochoro wa pili. Na lile kopo la baba lililofunguliwa zamani usilitumie, mafuta yale hunyonya maji hewani.

Bakar 15:52
Sawa Ami. Nishampigia, kasema Jumatatu baada ya alasiri.

Mama 17:10
Nani kachukua baking soda yangu? Kesho nna wageni.

Bakar 17:12
Mie mama. Naenda dukani sasa hivi.

Time 17:13
Pitia na mswaki. Ule ulioko juu ya boneti haukuwa wa zamani.