"Put off" ni kuahirisha tu?

Swali, kutoka Kondele, Kisumu
Ndugu zangu, hamjambo. Binti yangu, aliye kidato cha tatu, ameandika katika zoezi lake sentensi hii: "The smell put me off the fish." Mimi nimezoea kuisikia "put off" pale mkutano wa chama unapoahirishwa, au mtu anapoambiwa azime taa. Naomba mnieleze kama sentensi hiyo ingepita katika mtihani.

Jibu la mwalimu, Nakuru
Mama, sentensi hiyo ni sahihi kabisa. Tazama kinachofuata kitenzi: likiwa ni jambo, kama safari, harusi au malipo, basi limeahirishwa, akiwa ni mtu, ameondolewa hamu, na kile kilichomkinaisha hutajwa baada ya "off", kama yule samaki wa binti yako.

Kwa maoni yangu, taabu kubwa haiko katika maana bali katika sarufi. Kwa Kiswahili tunasema "ameahirisha kulipa", na hiyo "kulipa" hutufaa kila mahali, ndiyo maana wanafunzi wengi huandika "put off to pay" ilhali Kiingereza kinadai "put off paying". Kiwakilishi nacho hukaa katikati, "put it off", wala si "put off it". Katika sehemu ya sarufi ya karatasi ya pili ya KCSE, mtahiniwa anaweza kutakiwa aondoe kitenzi kama "postpone" na kuweka cha namna hii mahali pake. Hapo akumbuke kwamba "put" haibadiliki umbo katika wakati uliopita.

Jibu, kutoka Kakamega
Kuhusu taa, "put off the light" inaeleweka na huku kwetu inasemwa kila siku, lakini katika insha ni salama zaidi kuandika "switch off" au "turn off". Moto na mshumaa ni "put out".

Jibu la mwenye duka, Kisumu
Mwalimu, nakubaliana nawe, ila si kila mtu anayefuata kitenzi hicho ameondolewa hamu. Mdeni akiniambia nije Ijumaa, na Ijumaa ikifika aniambie nisubiri mwisho wa mwezi, Kiingereza husema "he keeps putting me off", nami hamu ya pesa zangu haijapungua hata kidogo, nimezungushwa tu.